Ng'ombe Aliyepotea Mara Tisa

Jumapili, 15 Machi 1987

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, wala kwenye kitubio sikulitaja: ng'ombe Subira hayupo. Hajawahi kuwepo. Nimemzua mimi, juzi jioni, nikiwa natwanga mahindi.

Ilikuwa hivi. Mama ni mpiga chapa wa ofisi ya Marafiki wa Mbali hapa Babati. Ofisi ina watoto sitini na wanne, na kila mtoto ana rafiki Uswisi, mtu mzima, ambaye huandikiwa barua. Barua za watoto zinafanana kama mapacha: "Sisi ni wazima. Mvua inanyesha. Asante." Basi mkuu wa ofisi, Bwana Ombeni, akamwambia Mama anataka barua ya mfano yenye maisha ndani yake, kwa Kiingereza. Mama akaja nayo nyumbani. "Xaveria, wewe ndiye unayekula vitabu. Niandikie."

Nikaandika kwamba ng'ombe wetu jike, Subira, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, alipanda mlima Kwaraa wakati wa ukungu na hakurudi. Tulimwita hadi sauti zikakauka. Angekuwa na kengele shingoni, tungemsikia. Nilipofika kwenye kengele nililia kidogo mwenyewe, nikaacha kutwanga.

Bwana Ombeni ameisoma na kusema, "Humu kuna maisha." Mama hakumwambia ni ya nani. Itakaa kama mfano tu, hadi watoto walete za kwao.

Shajara hii naiandika kwenye karatasi zilizoharibika za kompyuta ya ofisi. Zina matundu pembeni. Madaftari hayapatikani dukani tangu Januari.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Shuleni mwalimu wa Jiografia hakufika, pikipiki yake haina tairi.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimeiona kompyuta kwa macho yangu. Ililetwa mwezi wa pili na Waswisi, na Bwana Ombeni huifunika kwa kitenge kipya kuliko vyote alivyo navyo mke wake. Ina kioo cheusi, maandishi ya kijani, na matundu mawili ya kutia diski. Hufanya kazi jenereta ikiwaka tu, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dizeli ikiwepo.

Nilikwenda baada ya masomo kumsaidia Mama. Jamani, Mama! Kwenye taipureta vidole vyake hukimbia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mbele ya mashine hii anakaa kama mtu aliyeitwa polisi. Na kila mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto unaruka wenyewe kutafuta ule mkono wa taipureta wa kurudisha karatasi. Haupo. Unapiga hewa. Leo umepiga kikombe cha Bwana Ombeni.

"Mama Xaveria," akasema Bwana Ombeni akijikung'uta chai, "hii ni mashine ya kisasa. Haipigwi kofi."

"Samahani, Bwana Mkuu. Ni mkono, siyo mimi."

Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba kule Arusha kuna kijana anaitwa Hilary, mtoto wa dada yake, amesomea kompyuta miezi mitatu. Mwezi wa sita atakuja mgeni kutoka Uswisi kukagua. Akiona Mama anaiweza mashine, sawa. Asipoiweza, Hilary atakuja na Mama atapumzika.

Kupumzika maana yake ni hivi: chumba tunachokaa hapa Bagara ni cha ofisi. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama akipumzika, tunarudi Dareda kwa bibi, na kidato cha tatu changu kinaishia hapo.

Njiani Mama alitangulia mbele. Tulipofika akaniambia, "Ile mashine inauliza maswali mengi kama mama mkwe."

Jumatatu, 23 Machi

Nimehesabu. Ili kuchapa barua moja, Mama hubonyeza vitufe kumi na moja: jina la barua, ndiyo, jina la mtoto, kijiji, ndiyo, ndiyo, na kadhalika. Mara sitini na nne ni vitufe mia saba na nne. Akikosea kimoja, mashine inapiga kelele kama kifaranga na yeye anaruka kwenye kiti.

Asubuhi kabla ya yote huuliza tarehe ya leo. Ikizimwa inasahau kila kitu, hata siku. Mama amesema, "Maskini."

Jumanne, 24 Machi

Bwana Ombeni ameniazima kitabu cha mashine, kwa sababu yeye hakifungui. Nakisoma jikoni, kwa mwanga wa moto. Sehemu kubwa sielewi. Nasoma hivyohivyo.

Alhamisi, 26 Machi

NIMEPATA. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Unaweza kuandika vile vitufe vyote katika orodha, ukaihifadhi kwenye diski, na mashine itaisoma na kujibonyeza yenyewe, kana kwamba kuna vidole. Na kuna orodha moja ya pekee, yenye jina lake maalumu, ambayo mashine huitafuta yenyewe kila inapoamka. Chochote kilichoandikwa humo inakifanya bila kuambiwa na mtu.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikamwambia kuku.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeifanya. Bwana Ombeni alikuwa kwenye foleni ya sukari duka la ushirika, kwa hiyo tulikuwa peke yetu. Mama alikuwa ameshaijibu mashine swali lake la asubuhi la tarehe. Nikaandika orodha: ukiamka, tazama tarehe. Ikiwa ni siku ya kwanza ya mwezi, chapa barua zote sitini na nne, kila moja na jina lake. Ikiwa ni siku nyingine, tulia. Tarehe ya juu ya barua nimeiachia mashine iweke yenyewe, maana mashine haikosei.

Nikaijaribu palepale, bila kuizima. Leo ni tarehe ishirini na saba. Ikatulia kimya kabisa. Sijawahi kuona kitu kinachotulia kwa utii namna ile.

Barua yenyewe kwa sasa ni ile ya Subira, kwa sababu ndiyo pekee iliyomo kwenye diski. Watoto wakileta za kwao, nitabadilisha.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?" Mama akauliza.

"Uwashe tu, Mama. Halafu ukunje na kutia kwenye bahasha."

Aliutazama mkono wake wa kushoto. "Na huu?"

"Ukalie."

Jumamosi, 28 Machi

Balaa. Bwana Ombeni amesikia kutoka kwa mlinzi kwamba mtoto wa shule aliigusa mashine. Ametoa amri kwa maandishi, ikabandikwa mlangoni: Watoto hawaruhusiwi chumba cha mashine. Mtoto ni mimi, hakuna mwingine. Nimeona haya, nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Lakini orodha imo. Mama hahitaji kubonyeza kitu.

Jumatatu, 30 Machi

Nilipita nje ya ofisi nikitoka shule. Nimesikia mashine ya kuchapa: krrr, krrr, krrr. Labda ni ripoti.

Jumatano, 1 Aprili

Krrr, krrr! Tarehe mosi! Imefanya kazi! Nilisimama nyuma ya mzambarau wa ofisi na kusikiliza hadi mvua ikanifukuza.

Mama alirudi amechoka. Nikamwuliza kama barua zimetoka. Akasema zimetoka. Nikamwuliza kama ni zote. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Zote. Hakuna iliyobaki."

Ijumaa, 3 Aprili

Sabuni imekwisha. Tumefua kwa majani ya mpapai. Sketi yangu ya shule sasa ina rangi ambayo haimo kwenye kanuni za shule.

Jumatatu, 6 Aprili

Mama ameniuliza maana ya neno moja la Kiingereza. Nimemwambia: ukungu. Akasema "aa" na kuendelea kuchambua mchicha.

Alhamisi, 9 Aprili

Akauliza jingine. Paji la uso. Sijui anasoma nini. Kwenye kabati letu kuna Biblia na kitabu cha mashine tu, na katika vyote viwili sikumbuki paji la uso, labda kwenye Biblia.

Jumapili, 12 Aprili

Baada ya misa Bwana Ombeni alisimama na watu akawaambia kwamba uzalishaji wa barua ofisini kwake umepanda kuliko ofisi yoyote katika mkoa huu wa Arusha. "Tija!" alisema. "Zamani tulituma barua sitini na nne kwa mwezi. Sasa ninapeleka furushi Arusha kila wiki." Akamtazama Mama kwa heshima, kama mtu anayemtazama fundi saa.

Nimefikiri watoto wamezoea kuandika. Nimefurahi.

Alhamisi, 16 Aprili

Kesho kutwa tunakwenda Dareda kwa bibi kwa Pasaka. Mama atarudi Jumanne, mimi nitabaki siku chache kumsaidia bibi kupalilia.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua imevunja daraja. Hakuna gari la kushuka Babati. Mama alipita siku moja kabla.

Alhamisi, 23 Aprili. Napalilia.

Ijumaa, 24 Aprili. Napalilia.

Jumamosi, 25 Aprili. Mvua. Bibi amesema shule ipo tu, haitakimbia, lakini magugu yanakimbia.

Jumatano, 29 Aprili

Napalilia. Leo ukungu ulishuka mlimani hadi mlangoni. Nikamkumbuka Subira. Ni ajabu jinsi unavyoweza kumwonea huruma mtu uliyemzua.

Jumapili, 10 Mei

Nimefika, nusu kwa lori la mahindi na nusu kwa miguu. Mama amekonda. Kwenye meza kulikuwa na kamusi ya Kiingereza ya parokia, imefunguka katikati. Nilipoingia akaifunga.

Jumatatu, 18 Mei

Karatasi za kompyuta zimekwisha, boksi zima. Bwana Ombeni amejivunia hata hilo. "Tumemaliza karatasi kabla ya wilaya nyingine kufungua boksi," alimwambia Mama barabarani. Nilikuwa nyuma yake na mtungi kichwani. Nikashangaa. Boksi lile lina karatasi nyingi, na kwa hesabu yangu, barua sitini na nne tarehe mosi ya mwezi wa nne, sitini na nne tarehe mosi ya mwezi wa tano...

Nikamwuliza Mama. Akasema, "Maharage yanaungua."

Jumatano, 3 Juni

Nina homa, na siyo malaria.

Kasimiri, mtoto wa miaka tisa wa jirani yetu, naye ni mmoja wa wale sitini na wanne. Alikuja na barua kutoka kwa rafiki yake wa Uswisi nimsomee. Naandika nilivyoitafsiri, hadi pale nilipokwama:

"Kasimiri mpendwa. Tumepokea barua zako tisa. Zote ni za tarehe mosi Januari 1980, na zote zinasema ng'ombe wenu Subira amepotea. Tumesikitika sana kwamba posta ya nchi yenu imezichelewesha miaka saba. Tumeona pia kwamba siku ile ulikuwa na huzuni kubwa kiasi cha kuandika mara tisa. Watoto wangu wanauliza kila siku wakati wa kula: je, alipatikana?"

Kasimiri aliniangalia. "Da Xave, mwaka 1980 mimi nilikuwa na miaka miwili."

"Ndiyo."

"Na sisi tuna mbuzi tu."

"Ndiyo, Kasimiri."

Alifikiri. "Basi niliandika vizuri sana."

Alipoondoka nilifungua kitabu cha mashine, ukurasa wa mia moja na kumi na tatu. Ule unaofuata. Ule ambao sikuusoma kwa sababu ya furaha. Unasema kwamba mashine ikikuta ile orodha ya pekee, haiulizi tena tarehe. Na isipoambiwa tarehe, hujihesabia kuwa iko siku yake ya kuzaliwa, tarehe mosi Januari 1980.

Tarehe mosi. Kila asubuhi jenereta ilipowaka, mashine iliamka, ikajiona iko siku ya kwanza ya mwezi, ikachapa barua sitini na nne kwa utii ule niliousifu. Kwa bahati dizeli ilipatikana siku tisa tu. Wangekuwa na dizeli, Uswisi nzima ingekuwa inalia.

Ijumaa, 5 Juni

Bwana Ombeni ametuletea habari nyumbani mwenyewe. Nilimpa kigoda, nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika "Marahaba" bila kuniona. Mgeni anakuja tarehe kumi na saba. Jina lake Bi Regula. Ameandika kwamba marafiki wote sitini na wanne wamechangishana wakanunua zawadi: kengele za ng'ombe. Sitini na nne. Anakuja nazo, pamoja na boksi jipya la karatasi. Na angependa sana kumwona Subira, kama alipatikana.

"Mama Xaveria," akasema Bwana Ombeni, yuleyule aliyesema humu kuna maisha, "Subira ni nani?"

Mama akasema, "Ni ng'ombe wa barua, Bwana Mkuu."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye barua."

Bwana Ombeni akazungusha ulimi mdomoni kama mtu anayehesabu meno yake. Kisha nikaelewa jambo ambalo limenishangaza kuliko homa. Hakuwahi kujua kwamba mashine inazirudia barua yenyewe. Alidhani Mama ndiye aliyeamua zichapwe kila siku. Aliogopa kuuliza, asije akaonekana haijui mashine. Basi akazipeleka Arusha na kusema tija.

Aliondoka akisema atalishughulikia.

Kengele! Nchi hii haina sabuni. Ningeandika kwamba Subira alipotea akiwa amebeba sabuni, leo tungekuwa tunafua.

Jumatatu, 8 Juni

Nilitaka kuifuta orodha. Chumba kimefungwa, ufunguo anao Bwana Ombeni, na dizeli hakuna hadi mgeni afike. Nilitaka kumwambia Mama. Nilianza mara tatu. Mara ya tatu nilisema, "Mama, ile mashine..." akasema, "Xaveria, nenda ukachote maji," na mtungi ulikuwa umejaa.

Jumanne, 9 Juni. Nimeota kengele.

Jumamosi, 13 Juni

Bwana Ombeni amepata ng'ombe. Ni wa Mzee Konstantini wa Singe. Ana doa jeupe, ingawa siyo kwenye paji la uso bali ubavuni. Tumeambiwa sote, watoto sitini na wanne na mimi, kwamba tukiulizwa, Subira alipatikana, na huyu ndiye. Mzee Konstantini amekubali kwa sharti kwamba kengele ibaki.

Jumatano, 17 Juni

Nitaandika yote, hata kama karatasi zitakwisha.

Bi Regula ni mama mfupi, mnene, mwenye viatu kama vya mwanajeshi. Alishuka kwenye gari na kuwaamkia wazee wote, "Shikamoo," hadi mlinzi, ambaye ni mdogo kwake, akaona haya. Makreti mawili ya kengele yalishushwa. Bwana Ombeni alikuwa amevaa suti ya ndoa yake. Sisi tulikuwa tumepangwa mstari uwanjani, na mbele yetu, amefungwa kwenye mti, alikuwepo Subira.

Bi Regula alimzunguka yule ng'ombe mara moja, taratibu, akainama kidogo nyuma, akainuka. Akamvalisha kengele ya kwanza. Tukapiga makofi.

Kisha akamwuliza Bwana Ombeni kwa Kiingereza: familia sitini na nne ziliandika kwamba zimempoteza ng'ombe huyu. Inakuwaje ng'ombe mmoja awe na wenyewe sitini na wanne?

Bwana Ombeni hakupepesa macho. "Ni ng'ombe wa kijamaa," akasema.

Bi Regula akatikisa kichwa polepole. Akaomba sasa aione kompyuta ikifanya kazi.

Waliingia ofisini: mgeni, Bwana Ombeni, Mama, na wazee wachache, Mzee Konstantini akiwemo. Mimi nilibaki mlangoni, chini ya ile amri inayonikataza. Boksi jipya likafunguliwa, karatasi ikawekwa. Jenereta ikakohoa, ikawaka. Bwana Ombeni akavua kitenge kama mtu anayemfunua bibi harusi na kubonyeza swichi.

Mashine haikuuliza kitu. Ilitulia sekunde chache. Kisha: krrr, krrr, krrr.

Bi Regula akainama kusoma. Barua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Rafiki mpendwa, ng'ombe wetu Subira amepotea. Rafiki mpendwa, ng'ombe wetu Subira amepotea. Na nje, kupitia dirishani, kengele ya Subira ikasikika, ngili, ngili.

"Hii ni..." Bwana Ombeni akasema. "Hii ni kumbukumbu."

Krrr, krrr.

"Izime!" akamwambia Mama kwa Kiswahili, jasho likimtiririka. "Umeifanya nini mashine ya watu? Nilisema toka mwanzo! Nilisema aje Hilary, kijana aliyesoma! Mama Xaveria, wewe kesho..."

Ndipo nikaingia. Sijui miguu ilitoka wapi. Mimi ambaye darasani nikijua jibu huliandika kwenye kiganja nisije nikaitwa, nilipita chini ya ile amri na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Ni mimi. Barua niliandika mimi. Mashine niliifundisha mimi, na nilisahau kusoma ukurasa wa mia moja na kumi na tatu."

Krrr, krrr.

"Huyu ni mtoto tu," akasema Bwana Ombeni.

"Ni mtoto wangu," akasema Mama.

Akavuta kiti, akakaa. Akashika kitufe kimoja kwa kidole cha kushoto na kingine kwa kulia, kwa pamoja. Mashine ya kuchapa ikanyamaza. Akaandika neno moja, kioo kikauliza tarehe, naye akaijibu: 17 Juni 1987. Halafu, mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto ukaruka na kupiga hewa. Lakini Bwana Ombeni alikuwa ameshahamisha kikombe.

Mimi sikumfundisha kusimamisha mashine. Iko ukurasa wa arobaini na tatu.

Bi Regula alimtazama Mama, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hakuna aliyepoteza ng'ombe?"

"Hakuna," nikasema. "Samahani."

"Na yule wa nje?"

Watu wote wakamtazama Bwana Ombeni. Bwana Ombeni akamtazama Mzee Konstantini. Mzee Konstantini akavua kofia. Nikatafsiri alichosema: "Yule ni wangu, mama. Naye ni maksai. Lakini ni mpole."

"Najua ni maksai," akasema Bi Regula. "Mimi nimezaliwa karibu na zizi. Nilisubiri nione mtaendelea nayo mpaka wapi."

Akakaa kwenye kiti cha Bwana Ombeni, akaziba uso kwa mikono, mabega yakatetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ila si kwa furaha yote. Alipofunua uso alisema mama yake mzee, miaka themanini na mmoja, amekuwa akimwombea Subira kila usiku, na sasa itabidi amwambie nini?

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuliko hata Hilary.

Aliamua palepale, na Bwana Ombeni alikubali kwa kichwa kila sentensi. Aliyeweza kuisimamisha mashine ndiye akae nayo: Mama anabaki. Ile amri ya mlangoni itolewe. Na mimi nizunguke kwa watoto wote sitini na wanne, mmoja mmoja, nimwulize kila mtu habari zake za kweli, kisha niziandike. Hata ikiwa ni kwamba wao ni wazima na mvua inanyesha.

"Na kengele?" akauliza Mzee Konstantini, akiwa ameshikilia kofia.

Kengele zibaki.

Alhamisi, 18 Juni

Jana usiku baada ya kula nilimwuliza Mama alijua tangu lini.

"Tangu mara ya pili," akasema. "Majina yaleyale, karatasi zilezile. Mimi si kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Ombeni alikuwa anahesabu karatasi, na alipokuwa anahesabu karatasi hakumtaja Hilary." Alikoroga moto. "Nikaona, acha inyeshe."

Nikadhani amemaliza.

"Halafu, Xaveria, miaka kumi na miwili napiga Kiingereza. Herufi tu. Sijawahi kujua barua inasema nini. Hii mara ya kwanza nilikunja bila kusoma. Mara ya tatu nikajua 'ng'ombe'. Mara ya nne nikajua ukungu. Mara ya tisa nikaisoma yote, kutoka juu hadi chini, bila kamusi." Akacheka kwa aibu, kama msichana. "Nilijua ni ileile. Lakini kila mashine ilipoanza, nilifikiri, labda leo watampata."

Jumamosi, 20 Juni

Bagara yote inalia ngili, ngili. Mbuzi wana kengele, mbwa wa mlinzi ana kengele, na mama mmoja amemfunga kengele mtoto wake anayependa kutoroka.

Jumatatu, 22 Juni

Leo asubuhi nilikwenda ofisini na Mama. Jenereta ikawaka. Nikafuta orodha yangu yote, mstari kwa mstari, nikabakiza mmoja tu: ukiamka, uliza tarehe. Nikaizima na kuiwasha tena. Ikauliza. Mama akaijibu.

Kisha nikaandika kwa mkono barua kwa mama yake Bi Regula. Nikamwambia kwamba Subira ni wa kuzua, na kwamba maombi yake yalimfikia maksai mmoja wa Singe, ambaye ana afya njema.

Halafu nikachukua kalamu na karatasi tano zenye matundu, nikavuka barabara, nikabisha hodi kwa kina Kasimiri. Nikakaa kwenye kigoda na kumwambia anieleze mambo yake ya msimu huu. Alifikiri sana. Akasema wao ni wazima, na mvua imeacha kunyesha. Nikaandika hivyo. Kisha akasema mbuzi wao amezaa mapacha usiku wa kuamkia leo, na mmoja hasimami vizuri, je, nataka kumwona?

Nikaweka kalamu sikioni, nikamfuata nyuma ya nyumba.